Maingizo Arobaini na Moja

Kazini walimwita Mzee Bisibisi, naye hakulikasirikia jina hilo. Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, na kila alipoingia zamu, kabla hata ya kutundika koti, aliweka ncha yake kwenye beringi ya pampu, akaubana mpini sikioni, akafumba macho. Pampu zilikuwa nne. Alizisikiliza moja moja bila haraka, kisha akaenda mezani na kufungua daftari kubwa la jalada jeusi. Aliandika presha, akaandika joto, na mwishoni, penye mistari mipana ya Maelezo, akaandika alichosikia. "Ya kwanza imetulia. Ya tatu inakohoa ikiwashwa, kisha inaacha." Miaka thelathini na mmoja aliandika hivyo, na mafundi wa matengenezo walianza kusoma maelezo yake kabla ya kutazama namba.

Kisha idara ya maji ikaamua kwamba madaftari ya karatasi yametosha, sasa ni zamu ya daftari la kielektroniki. Aliyeletwa kulifunga alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, fundi wa kompyuta aliyekuwa na mwezi mmoja tu kazini kati ya sita ya majaribio. Mtu asije akadhani kwamba hakuijua kazi yake. Aliijua sana, na ndiyo maana mambo haya yanauma.

Alifunga tableti ukutani, juu ya ile meza, akampa kila opereta nenosiri lake. Likaja suala la mafunzo, na hapo heshima ikaingia kati ikaharibu kila kitu. Mkwe atasimamaje mbele ya baba mkwe, tena watu wanatazama, amwambie bonyeza hapa, si hapo, umekosea, rudia? Mzee naye siku hiyo akakumbuka ghafla kwamba kuna valvu nje inayohitaji grisi. Mmoja hakuita, mwingine hakuja, na wote wawili wakashusha pumzi. Fundi akamfundisha opereta wa asubuhi, mtu mzima aliyeitwa Chapchap kwa sababu hakuna alichowahi kukifanya polepole, akamwomba ampokeze mzee. Chapchap alimpokeza kwa dakika kumi, amesimama, begi tayari begani.

Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Mwisho wa mwezi ripoti ikagoma. Joto lilitokea kwenye safu ya presha, presha kwenye safu ya jina la opereta, na ukiitazama karatasi ungedhani ameiandika mlevi. Fundi alikesha na tatizo hilo kichwani, akashinda nalo siku ya pili, mpaka akalipata: ilikuwa mikato. Kila mtu alipoweka mkato ndani ya Maelezo, ambayo humu yalitangulia safu nyingine, programu ilidhani safu imekwisha, ikasukuma kila kitu hatua moja mbele. Na pale kituoni aliyetumia mikato alikuwa mmoja tu. Baba mkwe alisomeshwa na mwalimu mkali wa zamani, na sentensi yake hata ikiwa ya pampu aliiandika na nukta zake na mikato yake yote.

Dawa ya kweli ilikuwepo. Ilitaka siku tatu za kupanga upya jinsi daftari linavyohifadhi maneno. Meneja aliitaka ripoti kesho asubuhi. Basi fundi akapita njia ya mkato, na akijua kwamba ni njia ya mkato: akaingia kwenye mipangilio, akakifanya kisanduku cha Maelezo kipokee tarakimu moja tu. Sifuri, sawa. Moja, inavuja. Mbili, joto limezidi. Tatu, hitilafu ya umeme. Nne, presha imeshuka. Akachapa orodha hiyo, akaibandika ukutani kando ya tableti, akajiambia atarudi kulitengeneza jambo hilo vizuri akipata nafasi. Tarakimu ya sauti hakuiweka. Haikumjia akilini kwamba sauti ya mashine ni habari.

Ripoti ikafika asubuhi, safu zimenyooka, na meneja akamsifu mbele ya watu.

Lilibaki jambo dogo. Ingizo lolote ambalo daftari lililikataa liliwekwa kwenye orodha yake ya pembeni, na arifa ikaenda kwenye simu ya fundi. Siku ya kwanza simu ililia mara kumi na moja. Akafungua mbili tatu: huyu kabonyeza tisa, yule kaweka sifuri mbili. Vidole vinene, akasema, akacheka. Siku ya tatu, akiwa kwenye kikao, simu ikalia mara tatu mfululizo na meneja akamkata jicho. Fundi akaingia kwenye mipangilio papo hapo, chini ya meza, akazizima arifa zote. Orodha nitaisoma kila Ijumaa, alijiahidi. Ijumaa zikaja na Ijumaa zikapita.

Baada ya wiki sita pampu ya pili ikafa. Haikufa kistaarabu, ilipiga kishindo kimoja kilichowatoa watu maofisini, na nusu ya mji, ile ya mlimani, ikakaa siku tisa bila tone. Watu walipanga ndoo na madumu barabarani wakisubiri gari la maji, na walichosema kuhusu idara hakifai kuandikwa. Mafundi walipoifungua walikuta beringi imesagika unga na shafti imekatika. Mkuu wao akasema beringi haifiki hapo kwa siku moja, kwamba ile ililalamika wiki kadhaa, na mwenye zamu lazima alisikia.

Mzee akaitwa ofisini. Fundi naye aliambiwa aje na kurasa za daftari. Akazichapa, akaziweka mezani bila kuinua macho. Wiki sita, pampu ya pili, zamu ya mchana: sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini.

"Mzee," meneja akasema, "wewe ndiye mwenye sikio hapa. Hukusikia chochote?"

"Nilisikia."

"Sasa mbona uliandika sifuri?"

Mzee alimtazama mkwe wake mara moja tu, bila hasira, kama mtu anayehakikisha kwamba mtoto ameshikwa mkono kabla ya kuvuka barabara. Kisha akamgeukia meneja.

"Sikuandika inavyotakiwa," alisema. "Kosa ni langu."

Fundi alimwonea huruma. Tena, kwa kuwa hakuna haja ya kuficha, alipumua pia, maana hakuna aliyeuliza habari ya daftari lake. Mzee alistaafishwa miezi kumi na mmoja kabla ya wakati, kwa barua ya ukurasa mmoja yenye maneno "kwa sababu ya uzembe." Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaaga mtu mmoja mmoja kwa mkono. Bisibisi aliiacha pale pale kwenye msumari. Jioni mume wa fundi alimuuliza mkewe kama kuna analolijua kuhusu mambo haya ya baba, na yeye akajibu kwamba daftari linaandika kile linachopewa. Jibu hilo linamrudia mpaka leo, hata akiwa anaosha vyombo.

Jumatatu iliyofuata meneja alimwagiza aongeze tahadhari kwenye daftari ili jambo kama lile lisitokee tena. Fundi akaanza kwa kusafisha, akafungua ile orodha ya yaliyokataliwa. Alitegemea takataka. Ilikuwepo, lakini katikati yake akakuta maingizo arobaini na moja ya maneno, yote ya nenosiri moja, yote ya saa nane na dakika chache mchana, zamu ikiwa ndiyo kwanza imeanza.

"Pampu ya pili, upande wa mota, inalia. Bado ni kidogo."

"Ya pili inalia kuliko jana, naomba ifunguliwe itazamwe."

"Si maji, si umeme, ni beringi. Nimesikiliza mara tatu."

"Mwanangu, daftari hili linanikatalia maneno, lakini linaniambia yanakufikia wewe. Basi nitaendelea kuandika hapa hapa."

Hakuelewa mstari huo wa mwisho. Akainuka, akaenda chumba cha pampu, akaandika neno moja kwenye tableti kama mtu yeyote wa zamu. Maandishi mekundu yakatokea: "Halijakubaliwa. Limetumwa kwa msimamizi wa mfumo." Msimamizi wa mfumo alikuwa yeye. Maneno hayo yalikuja na programu, naye hakuwahi kuyafikiria mara mbili. Akajaribu kufunga ukurasa, ukagoma mpaka uwekewe tarakimu. Akaitazama orodha aliyoibandika mwenyewe ukutani. Haivuji, haina joto, umeme upo, presha ipo. Iliyobaki ni sifuri. Akakaa kwenye kiti cha mzee.

Ingizo la arobaini na moja liliandikwa siku mbili kabla ya kile kishindo. "Najua una mengi, mwanangu, na bado uko kwenye majaribio. Kama kunijibu ni vigumu, usinijibu. Nijulishe tu kwamba umesikia."

Hapo ndipo alipoelewa kile alichokiona ofisini. Mzee aliamini kwamba mkwe wake ameyasoma yote, siku baada ya siku, akanyamaza kwa sababu zake mwenyewe. Na akiwa ameamini hivyo, mbele ya meneja, alimfunikia kosa lake. Fundi alilia palepale, pampu tatu zikinguruma, na hakujali kama Chapchap anamwona.

Alipiga moyo konde, akachapa kurasa zote, akaenda kwa meneja na kueleza kila kitu: mikato, tarakimu, arifa alizozizima chini ya meza. Meneja alifoka, kisha akasoma, kisha akaacha kufoka, kwa sababu alikumbuka ni nani aliyeitaka ile ripoti kesho asubuhi. Aliandika barua nyingine. Neno uzembe likaondolewa, shukrani za miaka thelathini na mmoja zikawekwa. Fundi aliongezewa miezi mitatu ya majaribio. Nafasi ya mzee ilikwisha kujazwa, na kumrudisha kwa miezi iliyobaki, meneja alisema, haiwezekani.

Alasiri hiyo alikwenda kwa wakweze. Mama mkwe hakuwepo. Baba mkwe alikuwa uani anatia mafuta bawaba za mlango wa stoo, mlango ambao haukuwa na shida yoyote. Fundi alimwamkia, akampa barua kwa mikono miwili. Mzee aliisoma polepole, akaikunja mara nne kama ile ya kwanza.

"Asante, mwanangu. Umehangaika."

Angeweza kuishia hapo. Barua ilikuwa nzuri, mzee ameridhika, na hakuna mtu duniani aliyekuwa akimdai neno zaidi. Lakini alizitoa zile kurasa nyingine kwenye mkoba.

"Baba, sikuyasoma."

"Yapi?"

"Yote uliyoniandikia. Simu ilikuwa inanisumbua, nikaizima. Nimeyasoma leo kwa mara ya kwanza."

Mzee aliziangalia karatasi bila kuzipokea. Wiki zote hizo alikuwa ameshajitafutia maelezo: mtoto anaogopea kazi yake, ndoa changa, meneja mkali, amesikia ila hana la kufanya. Hilo aliliweza. Alikwisha kulisamehe mlemle ofisini, kabla hata hajafungua mdomo. Sasa anaambiwa kwamba upande wa pili hakukuwa na mtu.

"Nilikuwa nakuona unapita na simu mkononi," alisema. "Nikawa najiambia, huyu kasoma, anatafuta namna." Akafuta mafuta mkononi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Hata lile la mwisho?"

"Hata hilo, baba."

Alitikisa kichwa taratibu. Alipozungumza tena hakuwa akimlaumu, na ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

"Ningejua, ningekuja kubisha hodi. Ofisi yako ni mlango wa pili tu kutoka kwangu."

"Na mimi ningekuja kukufundisha mwenyewe."

"Ndiyo," mzee akasema. "Mlango wa pili."

Akachukua kopo lake la mafuta, akarudi kwenye bawaba. Fundi alikaa kidogo, akaaga. Tangu siku hiyo mzee humpokea vizuri kama zamani, humuulizia kazi, humwita mwanangu. Ila hamwandikii kitu. Hata salamu za simu humtumia kupitia mwanawe.

Daftari sasa liko sawa. Fundi alizitumia zile siku tatu, na kisanduku cha Maelezo kinapokea maneno, nukta na mikato bila ripoti kuyumba. Arifa alizirudisha, akaziweka kwa sauti ya juu kabisa. Opereta mpya ana vidole vyepesi, humaliza pampu nne kwa dakika mbili, na kwenye Maelezo huandika "sawa." Bisibisi bado iko kwenye msumari, imeanza kushika vumbi mpini. Simu ya fundi hulia mara nne tano kwa siku, nyumbani, sokoni, hata akiwa mezani na wageni, na kila mara huinuka akaenda pembeni kusoma. Ni namba za presha au joto zilizokosewa tu.