Mfuniko wa Kisima

Wajukuu tisa wangefika Jumamosi kwa mkusanyiko wa ukoo, na Lorene hakujua kisima kiko wapi. Alijua tu kwamba kimo humo kwenye kiwanja cha marehemu mama mkwe wake, chini ya nyasi zilizomfika kifuani, na kwamba zamani kilifunikwa kwa mbao chakavu. Tangu wanawe wakiwa wadogo, kisima hicho kilimkosesha usingizi. Mumewe, Orville, alikuwa akimwambia, "Nimeshakifunika kwa saruji, mke wangu." Lakini Orville alikuwa mtu wa kuanza kazi kumi na kumaliza mbili. Mpaka anamzika, Lorene hakuwa amemwamini.

Ijumaa asubuhi jirani yake Delphia alishusha kutoka kwenye pikapu mashine yake ya kufyekea, ile ya magurudumu mawili inayokata kwa uzi mnene wa nailoni. Lorene akamfunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye pikapu.

"Mama Lorene, umenifunga kama ndama wa mnada!"

"Ndama hana kelele hivyo."

"Na nikitumbukia, utanivuta kwa mkono gani? Huo unaouma?"

"Nitawasha gari. Nenda polepole, binti yangu."

Delphia akaenda polepole kweli. Kila hatua aliijaribu ardhi kwanza kwa ncha ya buti, wala hakuicheka hofu ya mwanamke mzee. Nyasi zikalala, miiba ikakatika, Lorene akilegeza kamba kidogo kidogo.

Mara uzi ukagonga kitu kigumu, ukakatika. Delphia akazima mashine.

"Usisogee!" Lorene akapiga kelele.

"Sisogei. Ni saruji, mama. Njoo uone."

Lorene alikwenda ameishikilia kamba. Ulikuwa mfuniko mpana, mnene, usio na ufa hata mmoja. Delphia akapangusa majani. Palikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa kidole saruji ikiwa mbichi, kwa herufi zilizopinda za Orville: LORENE, SASA ULALE.

Lorene akaketi juu yake, kwa uzito wake wote.

"Mzee wewe," akanong'ona. "Kumbe ulimaliza."

Saruji ilikuwa na joto la jua. Akajinyoosha, akafumba macho kidogo tu, Delphia akibadilisha uzi.

Alipoamka, upande wa pili wa kiwanja ulikuwa umeshafyekwa. Delphia alikuwa ameinama na mundu mkononi, jasho likimtiririka. Mashine ilikuwa palepale, na uzi wake mpya. Hakuwa ameiwasha, kelele zake zisije zikamwamsha.