Friji Ndani ya Kitabu

Hedifoni zile zilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na saba kati ya hiyo zilikaa kichwani mwa msichana ambaye pale studio walimwita Kimya. Alikabidhiwa na Fundi Mzee, mtaalamu wa sauti wa pale, na siku ya kwanza alipozivaa alisikitika. Aliambiwa ni za bei mbaya, kumbe sauti yake kavu kama mkate wa juzi.

"Hazijui kusifia," Fundi Mzee alimwambia. "Zipe mwaka."

Alizipa mwaka, kisha mwingine. Ngozi ya vikombe ikapasuka, akashona nyingine. Sasa ni mara ya nne. Waya ukakatika, ukaungwa. Na pole pole, bila kujua ilianza lini, akawa anamsikia msomaji akimeza mate, akasikia hata pete ikigusa ukurasa. Vikombe vile vilikuwa vimefungwa nyuma, havina tundu hata la sindano. Ukivivaa, dunia inabaki mlangoni na viatu vyake.

"Mwenzenu ameshaolewa," shangazi yake aliwaambia majirani. "Mume mwenyewe ana masikio mawili na mkia." Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu alipoacha shule darasa la nne.

Studio ilirekodi vitabu kwa ajili ya maktaba ya wasioona. Kila kitabu kilitoka na karatasi yenye mstari ulioandikwa "Imesikilizwa na". Kimya alisikiliza, Fundi Mzee akatia sahihi. Hakuna aliyeona ajabu, hata Kimya mwenyewe.

Kisha mzee akastaafu, na maktaba ikaleta viwango vipya: sauti zote zipandishwe, kila kitabu kilingane na kingine. Akaja fundi kijana, waliyempa jina la Desibeli, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa kuwa hakumaliza sentensi bila kuitaja. Alikuja na mita ya kupimia sauti kwenye kompyuta, na hedifoni mpya zenye matundu nyuma, sauti yake tamu kama asali.

"Dada, hizo zako zipelekwe makumbusho," alisema. "Siku hizi mita ndiyo inasikiliza."

Bosi, mama mnene asiyependa maneno mengi, alikubali. Kuanzia Jumatatu Kimya angerudi kwenye ufagio na birika la chai alikoanzia, na hedifoni zingeingia kabatini. Kimya aliitikia, "Sawa, Mama," akaenda kusimama chooni mpaka macho yakauke.

Ijumaa ya wiki hiyo asubuhi kitabu kimoja, kilichopitishwa na mita peke yake, kikarudishwa. Maktaba iliandika: kuna mngurumo, wasikilizaji wanalalamika. Desibeli akavaa hedifoni zake, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mimi sisikii kitu, Bosi. Na mita inasema tuko ndani ya kiwango."

Bosi akavaa, naye hakusikia. "Basi hao watu wanataka nini?"

Kimya alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Aliiweka chini, akachomeka hedifoni zake kuukuu, akafumba macho. Hakusikiliza maneno, alisikiliza pale msomaji anaponyamaza, kama alivyofundishwa. Akazivua.

"Ni friji," alisema.

"Friji gani?" Desibeli akacheka. "Ndani ya kitabu?"

Kimya alitoka mpaka kwenye korido, kati ya chumba chao na chumba cha kurekodia. Friji ilikuwa hapo ukutani tangu mwezi uliopita, Desibeli alipoihamisha ili soda yake iwe karibu. Akachomoa waya. Chumba kizima kikatulia, kama mtu aliyetua mzigo ambao hakujua ameubeba.

"Sasa vaa zako, kaka," alisema aliporudi.

Desibeli akavaa. Tabasamu likamshuka usoni taratibu. Friji ya korido ilikuwa imezimwa, lakini ndani ya kitabu iliendelea kunguruma, sentensi kwa sentensi.

"Ilikuwepo," alisema kwa sauti ndogo.

"Kelele ya nje iliingia kwa yale matundu yako, ikaficha ya ndani," Kimya alisema. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima. "Na ulipopandisha sauti ya msomaji, ulipandisha na ya friji. Mita yako haikusema uongo. Hukuiuliza habari za friji."

Bosi akaangua kicheko mpaka kiti kikalia. Kisha akamgeukia Desibeli. "Hiyo friji irudi ilikotoka leo hii. Ukitaka soda ya baridi, tembea, mwanangu. Na msomaji aitwe."

Msomaji alisoma upya, korido ikiwa kimya kabisa, na Desibeli mwenyewe akarekebisha sauti ifuate viwango vipya. Jumatano kazi ikawa mezani, ufagio umeegemea ukuta bila mtu wa kuushika. Bosi akaleta karatasi na kalamu, akaviweka mbele ya Kimya, si ya Desibeli.

"Tia sahihi, mjumbe wa maktaba anasubiri."

Kimya akautazama ule mstari. Miaka saba alikuwa ameujaza kwa mkono wa mtu mwingine. Akaisogeza kalamu pembeni.

"Bado dakika nane sijazisikiliza, Mama."

Bosi akavuta kiti, akaketi. Desibeli naye akaketi, mikono magotini kama yuko msibani. Kimya akavaa hedifoni, akafumba macho, na wote wawili wakamsubiri.