Hereni za Glorious

Mimi nakusanya vito vya wasanii, anayenicheka na anicheke. Hapa saluni kwangu Mbinga nina kopo la biskuti lenye bangili ya mwimbaji wa taarabu, pete ya mchekeshaji mmoja na mkufu wa mnenguaji wa bendi. Lakini roho yangu yote ilikuwa kwa Glorious, mwimbaji wetu wa Liuli, aliyefariki mwaka jana kabla sijapata hata kibanio chake cha nywele.

Basi Jumamosi, Pankras anayetuletea dagaa wa usipa kutoka ziwani akatoa hereni mfukoni. Za dhahabu, zina jiwe jekundu. Alisema ni za Glorious, kapewa na mtu wa kwao. Nilizijua kabla hajamaliza, maana hakuna picha yake ambayo hajazivaa. Nikazinunua, na kesho yake nikaenda nazo misa ya kwanza.

Aliyeniharibia ni jirani yangu Devotha. Tulipotoka kanisani alinivuta pembeni, akaniuliza kama nimesahau siku ya kuaga mwili. Mimi siku ile nililia hadi sikuona kitu. Yeye aliona. Glorious alikuwa amelala kwenye jeneza na hereni hizohizo, kama alivyousia.

Mungu wangu! Kumbe kaburi limefukuliwa, mali ya marehemu ninayo mimi, na kanisa zima limeniona. Huku kwetu ukishaitwa mchawi, nani atakaa akusikilize habari za kukusanya vito? Nilimpigia Pankras, hapatikani. Nilitaka kuzitupa chooni, nikaogopa zaidi.

Jumatatu nafika saluni, namkuta Mama Glorious kakaa kwenye benchi. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo, akaniambia nifunge mlango. Nikafunga huku nasali kimoyomoyo. Nilijua wanawe wa kiume wako nje na mapanga.

Sikungoja kuulizwa. Nilifungua kopo, nikaziweka hereni mbele yake, nikaapa kwamba sijakanyaga makaburini. Badala ya kunikemea, aligeuka kutazama kama mlango umefungwa vizuri.

"Nimesikia ulizivaa kanisani. Nani mwingine anajua ni zake?" aliuliza.

Nikamtaja Devotha. Akafumba macho.

"Nilizivua mimi, mwanangu. Kabla hawajapigilia misumari, niliomba waniache naye kidogo. Nilishindwa kuzika kila kitu chake. Halafu nikashindwa kukaa nazo, kila nikilala namsikia anazidai. Nikampa Pankras azipeleke mbali. Kaka zake wakijua nimevunja usia wa marehemu, sina pa kuishi."

Nikamwahidi kuwa Devotha nitamwambia ni za kufanana tu. Nikamsogezea hereni. Aliinuka upesi akarudi nyuma, akagonga kiti.

"Zikae kwako. Sikuja kuzichukua," alisema. "Zivae kidogo, nizione."

Nilizivaa. Alinitazama muda mrefu, akaanza kulia, na mimi nikaogopa hata kugeuza shingo.