Mama wa Udongo

Bibi Mdogo, ndivyo tulivyomwita mtoto huyu kwenye kituo chetu cha kuwaliwaza watoto waliofikwa na misiba, kwa jinsi alivyopenda kuwaamrisha wenzake, hakugusa rangi. Wengine walichora hadi mikononi mwao. Yeye alitaka udongo tu, na kila Jumanne alimfinyanga mtu yule yule: mama yake, aliyefia ndani nyumba yao ilipoungua.

Kwanza alimlaza chali. Wiki iliyofuata akaulowesha udongo, akamkunja magoti. Halafu akamkalisha. Shangazi yake anayemleta alininong'oneza mlangoni, "Anasema Jumanne mama anasimama. Nyumbani hana wimbo mwingine." Nilifurahi utadhani mimi ndiye niliyemkalisha.

Kiherehere changu ndicho kilichoniponza. Nilimkuta yule mama rafuni, mfuko wa nailoni wa kumtunzia unyevu umefunguka, shingo imekauka na kuanza kupasuka. Nikahofia atavunjika kabla ya siku yake. Tunalo tanuri la umeme la kuchomea vikombe vya watoto. Halina moshi wala ndimi za moto. Nimelizoea kama kabati. Nikamtia humo, nikabonyeza kitufe, nikaenda zangu nyumbani, moyo kwatu. Na kazi hii nimeisomea, jamani! Yaliyompata mtoto yule nayajua kwa kichwa, na bado sikushtuka hata kidogo.

Jumanne ilipofika, Bibi Mdogo alimpakata mama yake, akachovya kidole kwenye maji, akampaka magotini. Akasubiri. Akapaka tena. Akajaribu kumnyoosha taratibu, kisha kwa nguvu zake zote, mpaka mguu ukakatika.

"Anti, mbona mama hanyooki?"

Ulimi wangu ulishaanza kutafuta uongo mzuri. Lakini katika chumba kile watoto hawadanganywi, na sheria hiyo niliiweka mwenyewe.

"Nilimweka kwenye tanuri, mwanangu, asije akavunjika. Nimekosa. Nisamehe."

Akaligeukia tanuri, akalitazama. Laiti angelia, au angenirushia kile kimguu usoni, ningepata pa kupumulia. Hakufanya hivyo.

"Ulikaa naye?" akauliza.

"Wapi?"

"Pale. Alipokuwa humo ndani."

"Hapana," nikasema. "Nilimwacha. Nilikwenda nyumbani."

Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, mbele ya mtoto niliyepaswa kumfuta ya kwake. Akamweka mama yake mezani polepole, akanisogelea, akanishika mkono kwa vidole vyenye maji.

"Usilie," akaniambia. "Hata mimi nilikimbia."