Dereva wa Darasa la Kwanza

Mwanangu Severina alikataliwa shule kwa sababu ya ndoo. Huku kwetu juu ya uwanda, upande wa Kitangari, maji yako mbali, na shule ya kijiji ilikuwa na sheria yake: kila mtoto aje asubuhi na ndoo ya maji kichwani. Severina polio ilimpoozesha miguu tangu ananyonya. Nilimwambia Mwalimu Mkuu Ambrosi kwamba ndoo nitaleta mimi. Akanijibu kuwa shule ni ya mtoto, si ya mzazi. Nilirudi nyumbani na mwanangu mgongoni, nimekasirika mpaka nikapitiliza njia ya kwangu.

Ilikuwa miaka ile ya kila kitu ruksa. Soko huria lilitufikia hata sisi: mitumba, redio za bei rahisi, na miradi. Mradi mmoja ulipanda kutoka Masasi na neno jipya, elimu jumuishi, yaani mlemavu naye akae darasani na wenzake. Pamoja na neno hilo walileta baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, wakaikabidhi shule mbele ya watu ili Severina apokelewe. Mwalimu Ambrosi alihutubia mpaka akatoa machozi. Yeye ndiye, alisema, aliyempigania mtoto huyu tangu zamani. Nilipiga makofi kama wengine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wiki hiyohiyo Mwalimu aligundua kwamba baiskeli ile inabeba madumu manne bila shida. Na mkewe, Mama Gift, alikuwa amefungua mgahawa sokoni, maana walimu nao walikuwa wamelielewa soko huria. Basi ikaamuliwa Severina atimize sheria ya maji kama wenzake, asijisikie ametengwa. Ubaguzi ni dhambi, alisema Mwalimu. Wenzake walileta ndoo mojamoja wakaingia darasani. Yeye, kwa kuwa ana chombo, alipewa safari hadi kengele ya kurudi nyumbani.

Ubaya ni kwamba Severina alifurahi. Mtoto aliyeshinda mkekani miaka yote sasa alikuwa na kazi na jina. Watu walimwita Dereva, wakamsukuma penye mchanga, na Mama Gift akampa andazi. Kila jioni nilimwuliza leo amesoma nini, naye akanisimulia foleni ya bombani, nani kagombana na nani. Nikaenda shuleni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Mama Severina. Habari za mikorosho?”

“Nzuri. Mwalimu, mtoto hajui hata a.”

“Mama, kujumuisha ni hatua kwa hatua. Kwanza ajumuike na jamii. Herufi hazina miguu, hazitakimbia.”

Nilitamani kumtukana. Lakini nafasi ya mwanangu ilikuwa mikononi mwake, akiifuta nitaipata wapi tena? Nikaaga.

Mwisho wa mwaka mradi ulirudi. Dada Esther, msimamizi wao, alikuja na wageni wenye kamera. Severina akavalishwa sare mpya, akawekwa mbele juu ya baiskeli iliyooshwa. Dada Esther akamwinamia.

“Darasa lako ni lipi, mdogo wangu?”

Severina aliyatazama majengo, huku na huku. Yalikuwa matatu tu, na hakujua lake. Niliona aibu na uchungu kwa pamoja. Mwalimu Ambrosi akawahi.

“Huyu ni bubu pia, dada. Matatizo yake ni mengi.”

Wageni wakasikitika sana, wakampiga picha nyingine.

Hapo damu ilinichemka. Nilipita katikati ya viti vya wageni, nikamshusha mwanangu, nikamweka mgongoni.

“Mwanangu si bubu,” nilisema. “Severina, darasa la kwanza ni lile lenye mlango wa buluu. Twende.”

Akanishika shingo, akauliza kwa sauti ile aliyoizoea bombani, “Mama, na maji ya mgahawani nani atapeleka? Mama Gift leo hajapata hata dumu moja.”

Kamera zikashuka. Dada Esther akamgeukia Mwalimu, na Mwalimu akaangalia mikorosho ya shule. Sisi tulikuwa tumeshaingia. Nilimkalisha Severina dawati la mbele kabisa, nami nikakaa pembeni yake, nione nani atakayekuja kumtoa.