Fungua kwa Mkono

Teófilo Baque hana haya. Ule wavu uliomuua mume wangu aliuvuta ufukweni, akaushona palipochanika, akautega tena. Hata siku tisa za rozari ya marehemu hazikuwa zimeisha.

Na huyu ndiye aliyemsimamia mwanangu ubatizo, ndiyo maana huniita komadre. Mwaka jana nyangumi alinasa katika wavu wake, na Colón wangu akaenda kumwokoa na kisu chake cha mpini mrefu. Teófilo akaanza kulialia botini mwake, ooh wavu mpya, ooh usikate kompadre, fungua kwa mkono. Colón hakujua kumkatalia mtu. Akaweka kisu chini. Kamba ikamviringa kifundo cha mkono, nyangumi akazama naye; wavu ukaibuka umechanika, yeye hatukumpata tena. Kwenye matanga Teófilo alileta mkungu mzima wa ndizi, kisha akala kuliko wafiwa.

Kisu nikakichukua mimi. Nilijifunza kazi yake ya kuokoa nyangumi, lakini nisikudanganye, sikujifunza kwa ajili ya nyangumi tu. Nilikuwa nangoja siku ya Teófilo.

Ikaangukia sikukuu ya Mtakatifu Petro. Maboti yalikuwa yamepambwa maua, sanamu ya mtakatifu imeshapakiwa, padri yuko tayari, ndipo tukamwona nyangumi jike nje kidogo ya ghuba. Mkia wake umefungwa na wavu, mtoto wake anamzungukazunguka. Maboya yalikuwa ya njano na kijani, na hakuna asiyejua maboya hayo ni ya nani. Binamu yangu Ulbio akawasha mashine, tukatoka, na msafara mzima ukatufuata na mtakatifu wao. Teófilo naye akaja mbio na boti lake.

"Komadre, taratibu," akasema. "Usikate. Fungua tu."

Maneno yale yale. Nikamwambia Ulbio atusogeze ubavuni mwa Teófilo, nikakilaza kisu miguuni pangu.

"Wavu ni wako, kompadre. Njoo ufungue. Kwa mkono."

Aliutazama ule mkia ukipiga maji. Akageuka kuyatazama maboti ya wenzake, labda atapata wa kumcheka mjane mwendawazimu. Hakumpata.

"Siwezi, komadre. Nina watoto."

"Na Colón alikuwa na nini? Paka?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Akainamisha kichwa, akanong'ona nikate. Nikamwambia aseme kwa sauti, wenzake wamsikie. Akasema, machozi yanamtoka, nami nikasikia utamu ambao sijawahi kuusikia tangu nizaliwe. Mungu anisamehe, na asiponisamehe, basi.

Nilianza na kamba ya mkia, maana yule mama hakuwa na kosa lolote. Akavuta pumzi ndefu, akazama, mtoto akamfuata. Watu wakapiga makofi, wakidhani kazi imekwisha. Lakini Ulbio alikuwa akiuvuta wavu ndani ya boti letu, nami nikawa naukata pima kwa pima, vipande visivyofaa hata kufunikia kuku.

"Komadre," Teófilo akaniita. "Nyangumi ameshaondoka. Unakata nini tena?"

"Namtafuta mume wangu."

Akaketi. Nikaendelea kukata mpaka yakabaki maboya matupu yanaelea, na hakuna aliyeniambia niache, hata padri.