Mahali Palipoandikwa Hakuna Mtu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye kalamu ya serikali. Mjinga wa kawaida hupotea njia, akachekwa, akarudi kwake. Wa serikali hupotea njia kisha akaichora, na watu wakalazimika kuifuata.

Ilikuwa Februari mwaka 2000, kiangazi kikiwa kimeinyonya Kajiado hadi ardhi ikabaki rangi ya mfupa. Nilikuwa mchora ramani katika wizara iliyoshughulikia nyumba na mipango ya miji. Nilitumwa Kitengela pamoja na Bedan, afisa wa mipango, tukakague kwa miguu kila kilichosimama juu ya nchi kabla mji mpya haujachorwa juu yake. Mzee wa kutuongoza alikuwa amefiwa asubuhi hiyo. Tungeweza kumngoja hadi Jumatatu. Lakini ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, mbuzi wetu alikuwa tayari motoni kule mjini, na tumbo langu halijawahi kushindwa katika mjadala wowote.

Boma la mwisho lilikuwa upande wa njia ya Isinya: nyumba nne za udongo na samadi, zizi tupu, na langoni rundo la matawi ya mgunga, miiba ikitazama nje. Hapakuwa na moshi wala mbwa. Nikapiga hodi kwa Kimaasai changu cha kuokoteza. Upepo ndio ulioitikia.

"Hapa hata nzi wamehama," nikasema.

Bedan alicheka mpaka akaegemea gari. Nikaiweka karatasi juu ya boneti, nikaandika kwa mwandiko wangu uliosifiwa ofisi nzima: *Hakuna mtu.* Kisha tukaenda kula.

Ofisini, mahali palipoandikwa hivyo hupata kazi upesi. Mji ulihitaji mabwawa ya maji taka, na hakuna diwani anayetaka mabwawa hayo karibu na shamba lake. Bedan akaweka kidole juu ya maneno yangu. Mimi nikajaza wino wa buluu. Sisi wachoraji tulikuwa na wembe mezani, wa kukwangua wino uliokosewa. Siku hiyo sikuugusa. Nakala ilibandikwa kwa chifu siku sitini ili mwenye pingamizi apinge, ikiwa na maelezo ya Kiingereza kwa herufi ndogo kama chawa. Hakupinga mtu. Waziri akatia sahihi.

Mwaka uliofuata nilihamia Kitengela na mke wangu, Kaveke, na binti yetu, Kalunde. Aliyetuletea maziwa kila asubuhi alikuwa mama mmoja wa Kimaasai, mrefu, jina lake Nalangu. Tulimwita yeyo, mama, kwa heshima, ingawa heshima yenyewe haikudumu zaidi ya wiki moja kabla hatujaanza kutaniana.

"Yeyo, leo ng'ombe wako amekunywa maji mengi."

"Amekunywa. Aliona tumbo yako akafikiri ni bwawa."

Miaka mitatu tuliishi hivyo. Alipofiwa na mumewe tulimchangia. Kalunde alipougua surua, yeyo alileta mizizi ya kuchemsha na akakaa naye kutwa. Sikuwahi kumuuliza boma lake liko wapi. Maziwa yalikuja yenyewe. Nani huuliza yatokako?

Asubuhi moja mwaka 2004 alikuja na bahasha.

"Baba Kalunde, wewe si ni mtu wa serikali? Nisomee hii. Chifu amesoma haraka kama mtu anafukuzwa."

Barua ilimpa siku tisini aondoke. Nyuma yake palibanwa nakala ya ramani, na kabla sijaona namba ya eneo nikauona mwandiko. Mtu huutambua mwandiko wake kama anavyotambua kikohozi chake.

"Boma lako liko wapi, yeyo?"

"Pale tu, njia ya Isinya. Nyumba nne. Mzee nilimzika hapo."

Ningeweza kumwambia palepale. Badala yake nilisema nitaulizia ofisini, na akanishukuru, akaniongezea kikombe cha maziwa. Nimekunywa mambo machungu maishani. Hakuna kilichonishinda kumeza kama kikombe kile.

Bedan alikuwa amepanda cheo na amepata kiti kinachozunguka. Akakizungusha kidogo kwanza, halafu akasema, "Njia iko moja. Andika kwamba ulikagua vibaya. Boma lilikuwapo, lina wenyewe, na wewe hukuuliza. Tia sahihi. Ramani itafunguliwa upya na mabwawa yatasogezwa."

"Na mimi?"

"Utaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Umebakisha miaka mingapi ustaafu?"

"Sita. Na wewe uliyecheka?"

"Kicheko hakitiwi sahihi, Makau." Akatazama dirishani. "Siku hazingoji. Lakini wewe ndiye mwenye mkono."

Niliandika barua ile mara saba. Kila nilipofika mahali pa kosa, kalamu ilipiga kona. Hatimaye nikapata sentensi iliyonipendeza, laini, isiyo na damu: *Wakati wa ukaguzi, wenye boma walikuwa wamehama kufuata malisho.* Kila neno, nilijiambia, lilikuwa la kweli. Kamati ingesoma hivyo na kuniachia pensheni yangu; labda pia ingemhurumia mjane. Nikamsomea Kaveke akichambua mchele.

"Hii barua inamtetea nani?" akauliza.

"Sisi wote wawili. Mimi na yeyo."

"Aliyehama atadai nini?" Akaendelea kutoa mawe mcheleni. "Kampelekee basi, umwombe aweke kidole gumba. Ukiweza kumsomea bila kukohoa."

Jumamosi, jua likiwa utosini, nikatembea hadi njia ya Isinya. Safari hii lango lilikuwa wazi na mbwa watatu walinipokea kwa matusi. Nalangu akawafukuza, akanipa kigoda kivulini mwa nyumba.

"Sopa, Baba Kalunde. Leo umenifikia."

"Ipa, yeyo," nikaitikia salamu. Nikakohoa. Nikasema yote: Ijumaa ile, gari, nzi, maneno yangu mawili. Nikamsomea barua, nikatoa na kisanduku cha wino wa kuwekea kidole gumba.

Alikitazama kile kisanduku, akakirudisha kwangu kwa ncha ya fimbo.

"Toa hiyo ya kuhama."

"Lakini mlikuwa mmehama."

"Hatukuhama. Tulienda. Ng'ombe walikuwa wanakufa, tukaenda Chyulu, mvua ikanyesha tukarudi. Na nilifunga mlango. Uliona miiba?"

"Niliiona."

"Ulifikiri imewekwa na nani? Na nzi?"

Ulimi wangu, ambao umenitoa katika mashaka mengi, ukaanza kutafuta mlango wa nyuma. Nikamwambia kuhusu kamati. Nikamwambia kuhusu miaka sita. Nikasema neno moja tu, yeyo, neno moja dogo linatufaa sote. Na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia sauti ikipanda, kama kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Nyuma yake, kando ya zizi, niliona mawe yaliyopangwa juu ya kaburi la mzee. Kwenye ramani yangu hapo ndipo penye ukingo wa bwawa la pili.

"Utanilaumu bure!" nikasema, na leo nikikumbuka sauti yangu naona haya. "Nilikuja, nikapiga hodi, hamkuwapo. Ningemwandikaje mtu ambaye simwoni?"

Nalangu akasimama, akajifunga shuka vizuri.

"Kila Desemba nyinyi wote mnafunga nyumba mnaenda kwenu, Machakos, Murang'a, mpaka Kitengela inabaki na mbwa na mimi. Napita mlango kwa mlango na maziwa yangu, nabisha, hakuna wa kunifungulia. Ni mwaka gani, Baba Kalunde, ulirudi ukapata nimechimba choo katikati ya nyumba yako?"